Kosa la Mwanafunzi katika Historia ya Nadharia za Upataji wa Lugha ya Pili

1.0 Utangulizi

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kwa wanafunzi wengi, hasa nje ya mwambao, Kiswahili kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Tangu hapo mwalimu anayesahihisha insha amekuwa akikabiliwa na swali lile lile: anapokuta 'kitabu yangu' mahali pa 'kitabu changu', anasoma nini hasa? Je, huo ni uzembe, ni athari ya lugha ya kwanza, ni hatua katika safari ya kujifunza, au ni sarufi nyingine iliyokamilika?

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba majibu haya yana historia katika taaluma ya upataji wa lugha ya pili. Tunadai kwamba historia ya taaluma hiyo ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya namna kosa la mwanafunzi lilivyosomwa. Tunadai pia kwamba hali ya Kenya inafichua pengo katika nadharia zilizotawala taaluma hiyo, kwa kuwa zilichukulia kwamba lugha lengwa inajulikana ni ipi. Msomaji wa jarida la uhakiki asishangae kuikuta mada hii hapa. Kosa nalo ni matini, na matini yoyote hustahili kueleweka kabla ya kuhukumiwa.

2.0 Kosa kama Tabia

Mwaka 1945 Charles Fries, wa Chuo Kikuu cha Michigan, alishikilia kwamba vifaa bora vya kufundishia ni vile vinavyotokana na maelezo ya kisayansi ya lugha lengwa, yakilinganishwa kwa makini na maelezo ya lugha ya mwanafunzi. Uriel Weinreich (1953) aliifafanua dhana ya mwingiliano wa lugha kwa wazungumzaji wa lugha mbili. Naye Robert Lado (1957) aliunganisha mawazo ya aina hii kuwa mbinu ya uchanganuzi linganuzi. Kwa mujibu wake, vipengele vinavyofanana katika lugha hizo mbili vitakuwa rahisi kwa mwanafunzi, na vinavyotofautiana vitakuwa vigumu.

Mbinu hii ilipata nguvu kutoka kwa saikolojia ya utabia. B. F. Skinner, katika kitabu chake cha 1957, aliieleza lugha kuwa tabia inayojengwa kwa kichocheo, mwitikio na uimarishaji. Basi kosa likaonekana kuwa tabia ya zamani inayoizuia tabia mpya. Kazi ya mwalimu ikawa kuling'oa kabla halijaota mizizi, na darasa likajaa mazoezi ya kukariri ruwaza za sentensi.

Katika kiwango cha sauti, nadharia hii ina ushahidi wa kutosha nchini Kenya. Kikuyu hakitofautishi /l/ na /r/, na wazungumzaji wake wengi huzibadilisha sauti hizo katika Kiswahili. Dholuo haina sauti /sh/, na 'shamba' aghalabu husikika kama 'samba'.

Tatizo hutokea tunapoingia katika sarufi. Dholuo, ambayo ni lugha ya Kinailoti, haina mfumo wa ngeli kama wa lugha za Kibantu. Kikuyu, Kikamba na lugha za Kiluhya zinao, pamoja na upatanisho wake wa kisarufi. Tukimfuata Lado, tutatarajia Mjaluo atatizwe na upatanisho ilhali Mkamba apite salama. Lakini 'kitabu yangu' na 'gari yake' husikika Nairobi kutoka kwa wote wawili. Mtu ambaye lugha yake ya kwanza ina upatanisho kamili hauhamishi katika Kiswahili chake. Ni dhahiri kwamba chanzo hakiwezi kuwa lugha ya kwanza peke yake.

3.0 Kosa kama Ushahidi

Msingi wa kitabia ulitikiswa na Noam Chomsky, alipokihakiki kitabu cha Skinner mwaka 1959. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba uwezo wa mzungumzaji wa kuunda na kuelewa sentensi asizowahi kuzisikia hauelezeki kwa kichocheo na mwitikio. S. Pit Corder (1967) aliipeleka hoja ya aina hiyo kwa mwanafunzi wa lugha ya pili. Alitofautisha kuteleza, ambako hutokana na uchovu au haraka, na kosa hasa, ambalo hurudiwa kwa utaratibu na kufichua umilisi wa mwanafunzi kwa wakati huo. Kwake, kosa lina faida tatu: humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi, humpa mtafiti ushahidi wa namna lugha inavyopatikana, na ni njia ya mwanafunzi mwenyewe kujaribu dhana zake kuhusu lugha lengwa.

Larry Selinker (1972) aliuita mfumo huo wa mwanafunzi lughakati. Si lugha ya kwanza wala si lugha lengwa, bali ni mfumo wenye kanuni zake. Alitaja michakato mitano inayouunda: uhamishaji kutoka lugha ya kwanza, athari za mafunzo, mikakati ya kujifunza, mikakati ya mawasiliano, na ujumlishaji wa kanuni kupita kiasi. Aliongeza kwamba baadhi ya vipengele vya lughakati huganda, visibadilike hata baada ya mafunzo ya miaka mingi.

Kiswahili kina mifano mizuri ya mchakato huo wa tano. Chukua 'hakuli' badala ya 'hali', yaani kinyume cha 'anakula'. Mwanafunzi husikia 'anakula', 'alikula' na 'atakula', akakata kauli kwamba shina la kitenzi ni '-kula'. Kisha analikanusha kama anavyokanusha vitenzi vingine: 'anasoma' huwa 'hasomi', basi 'anakula' huwa 'hakuli'. Hoja yake haina kasoro ya kimantiki. Asichokijua ni kwamba 'ku' katika vitenzi vya silabi moja huonekana katika mazingira fulani na kutoweka katika mengine. Hatuhitaji kurejelea lugha yake ya kwanza ili kulieleza kosa hili, na kuliita uzembe ni kukosa kulisoma.

Tafiti za miaka hiyo zilielekea upande huo huo. Wakifuata kazi ya Roger Brown (1973) kuhusu lugha ya kwanza, Heidi Dulay na Marina Burt (1974) waliwachunguza watoto 60 wazungumzaji wa Kihispania na 55 wazungumzaji wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Katika mofimu 11 walizozipima, mfuatano wa makundi hayo mawili ulikaribiana sana. Wakosoaji walieleza kwamba usahihi unaopimwa kwa wakati mmoja si sawa na mfuatano wa upataji wenyewe. Ukosoaji huu ni wa haki, lakini haukumrudisha Lado kitini.

Pigo kwa uchanganuzi makosa lilitoka kwa Jacquelyn Schachter (1974). Aligundua kwamba Wachina na Wajapani waliojifunza Kiingereza walifanya makosa machache zaidi katika vishazi rejeshi kuliko Waajemi na Waarabu. Sababu ni kwamba walivitumia vishazi hivyo mara chache zaidi. Yaani, waliepuka. Funzo hili linatuhusu. Mtahini anayehesabu makosa tu katika insha humtuza mwanafunzi aliyeukwepa urejeshi wa '-o-' na kumwadhibu aliyethubutu kuutumia.

4.0 Kutoka Kosa hadi Mazingira

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 macho ya wataalamu yaligeukia mazingira ya mwanafunzi. John Schumann (1978) alimfuatilia Alberto, mhamiaji wa Costa Rica nchini Marekani, kwa miezi kumi, akaona Kiingereza chake hakiendelei. Alilihusisha jambo hilo na umbali wa kijamii na wa kisaikolojia kati yake na wenyeji. Stephen Krashen (1982) alishikilia kwamba lugha hupatikana kwa kuelewa usemi ulio juu kidogo ya kiwango cha mwanafunzi. Merrill Swain (1985), akitumia data ya shule za Kanada zilizofundisha kwa Kifaransa, alionyesha kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Sharti mwanafunzi pia alazimike kusema. Maswali sasa yalikuwa matatu: mwanafunzi anasikia nini, kutoka kwa nani, na anasema na nani.

5.0 Lugha Lengwa ni Ipi?

Maswali hayo yanaturudisha kwa 'kitabu yangu'. Mtoto wa mtaani Nairobi husikia upatanisho huu kwa jirani, kwa utingo wa matatu na kwa muuza mboga. Usemi alioupata ndio huo, na ameumudu barabara. Nadharia ya lughakati ingesema kwamba sarufi yake imeganda njiani. Je, njia ya kwenda wapi? Kiswahili Sanifu anachopimiwa kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mtoto huyu hakuwahi kuwa safarini kuelekea Kiunguja kabla ya kuingia darasani.

Robert Bley-Vroman (1983) alikwisha kuonya kwamba kuupima mfumo wa mwanafunzi kwa kanuni za lugha lengwa huuficha mantiki yake wa ndani. S. N. Sridhar na Kamal Sridhar (1986) walidai kwamba nadharia zilizotawala zilivisahau Viingereza vilivyozoea mazingira ya Asia na Afrika, ambako wanaojifunza hawakusudii kuzungumza kama Mwingereza. Alan Firth na Johannes Wagner (1997) wakaikosoa taaluma nzima kwa kumtazama mwanafunzi kama mzungumzaji mwenye upungufu. Hoja zao zinakihusu Kiswahili cha bara bila kupunguzwa.

Hatusemi kwamba usanifu utupwe. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwanafunzi asiyemudu Kiswahili Sanifu hufungiwa milango mingi. Ana haki ya kufundishwa. Hata hivyo, kumfundisha mtu lahaja ya pili ni kazi tofauti na kumponya ugonjwa. Katika kazi ya kwanza mwalimu huanza kwa kuonyesha mifumo miwili na mahali inapoachana. Katika ya pili hupiga mstari mwekundu tu, na mtoto hurudi nyumbani akijua kwamba lugha ya kwao ni takataka.

6.0 Hitimisho

Umbo moja la kosa laweza kuwa na vyanzo vitatu: lugha ya kwanza, kanuni iliyojumlishwa kupita kiasi, au lahaja ya jamii. Karatasi ya mtihani peke yake haiwezi kuvitenganisha. Utafiti unaohitajika ni ule unaomfuatilia mwanafunzi kwa muda mrefu, unaorekodi Kiswahili anachosikia nje ya shule, na unaotazama anachokiepuka sawa na anachokikosea. Bila hayo tutaendelea kumsahihisha mwanafunzi ambaye hatujamsoma.