Kabla haijaenda kwa wanunuzi wa skrepa: historia iliyoandikwa kwenye kompyuta mbovu

Tuseme unatengeneza gemu au katuni, na unahitaji umbo la kidijitali la kompyuta iliyochakaa. Mtandaoni yapo mengi. Lakini hebu yaangalie vizuri: mara nyingi vumbi na mikwaruzo vimepakwa sawasawa kila mahali, kama rangi ya ukuta. Kompyuta halisi haichakai hivyo. Inachakaa pale iliposhikwa, ilipopigwa jua, ilipopata joto. Uchakavu wake ni kumbukumbu, na ukikopa uchakavu wa mtandaoni umekopa maisha ya watu wengine.

Yetu yakoje? Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za Serikali kuvurugika, uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na zuio lilikuja kulegezwa miaka ya baadaye. Hapa Nyegezi, kituo cha mafunzo alichoanzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, yaani SAUT, mwaka 1998. Kwa hiyo kompyuta ya mezani ya kila siku, ile ya steshenari na ya ofisi ndogo, ina historia fupi sana kwetu. Tena nyingi zilikuja za mtumba, zikiwa tayari na maisha ya kwanza ya ofisi za ughaibuni. Ndiyo maana uchakavu wake una tabaka mbili.

Sasa tuzisome alama zake.

Anza na kava. Plastiki ya kompyuta za zamani, hasa ile iliyochanganywa na kemikali za bromini za kuzuia moto, hugeuka njano kwa mwanga wa jua na oksijeni. Upande uliotazama dirisha huwa na njano zaidi. Ukibandua stika, chini yake unakuta rangi ya mwanzo: hapo ndipo ilipokaa namba ya mali ya mwenye mashine.

Fungua ndani. Mashine nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilipata kapasita zenye maji mabovu ya kemikali. Zilivimba kichwani, zikapasuka, zikavuja. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha tatizo hilo. Ukiona kapasita mpya zenye rangi tofauti na wenzake, ujue fundi alishapita hapo na chuma cha kulehemu.

Halafu kibodi. Kwa Kiingereza herufi inayotumika zaidi ni E. Kwa Kiswahili ni A, tena kwa mbali. Q na X maneno yetu hayazihitaji kabisa. Kwa hiyo kibodi iliyoandika barua za Kiswahili miaka kumi, tarajia A imefutika huku Q na X zikiwa mpya. Umbo la kununua mtandaoni litakupa alama hiyo?

Kuihifadhi si kazi ngumu. Siku ya mawingu, isipokuwa na vivuli vikali, izunguke mashine na simu. Piga picha nyingi, kila moja ikirudia sehemu ya iliyotangulia. Programu italinganisha alama zilezile kwenye picha tofauti na kukokotoa umbo, kisha picha zenyewe zinavalishwa juu yake kama ngozi. Kazi ya kurekebisha utaifanya kwenye Blender, ambayo ni programu huria tangu 2002. Mwulize pia mwenyewe ilifanya kazi gani, uandike.

Ila usichelewe. Mnunuzi wa skrepa anapima kwa kilo, na kwake ile A iliyofutika haina uzito wowote. Mashine ikishavunjwa kutolewa shaba, hakuna kumbukumbu ya kuirudia. Kama ipo moja stoo kwenu, ipige picha wiki hii.