Kinanda cha Panchgani (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Mwaka 1955 Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi mwenye umri wa miaka minane, aliagana na wazazi wake Unguja akapanda meli kwenda India, kuanza maisha ya bweni katika shule ya St. Peter's huko Panchgani.

SASA ENDELEA...

Panchgani ni mji wa milimani, mbali na joto la Bombay, na mbali zaidi na Unguja. Likizo nyingine wenzake walirudi makwao, yeye akaishia kwa shangazi yake Bombay. Shuleni jina la Farrokh halikudumu, wakamwita Freddie. Wengine walimtania kwa meno yake yaliyochomoza.

Lakini alikuwa na sikio. Wimbo ukipita redioni mara moja tu, Freddie alikwenda kwenye piano akaupiga. Masomo ya piano alipewa, ila hilo hakufundishwa na mtu.

Ilipofika 1958, muziki wa rock 'n' roll ulikuwa umeshapanda hata milima ile. Vijana walizijua nyimbo za Elvis Presley, Little Richard na Fats Domino. Hapo ndipo watano walipokutana. Derrick Branche alishika gitaa. Farang Irani alipiga besi ya kujitengenezea: sanduku la majani ya chai, mti na kamba. Ngoma zikawa za Victory Rana, kijana wa Nepal ambaye ukubwani angekuwa jenerali wa jeshi. Freddie akakaa kwenye piano. Bendi wakaiita The Hectics.

Na mwimbaji?

Bruce Murray. Naam, msomaji wangu, sauti ambayo baadaye ingejaza viwanja vya mpira duniani ilikuwa pembeni, ikiitikia tu! Mimi siioni kuwa dhuluma. Naamini pale kwenye piano ndipo Freddie alipojifunza kumbeba mwimbaji, kujua lini kiitikio kiingie na lini kinyamaze, elimu ambayo waimbaji wengi wa mbele hawaipati maisha yao yote.

Walipiga kwenye hafla za shule, na wasichana wa shule ya jirani wakawapigia mayowe kama walivyosikia mashabiki wa Ulaya wakifanya. Mtoto aliyetaniwa kwa meno sasa alishangiliwa.

Kisha masomo yakaisha, watano wakatawanyika. Freddie akarudi Mji Mkongwe kwa baba yake, Bomi, mtunza fedha wa mahakama, mama yake, Jer, na dada yake mdogo, Kashmira. Bendi hakuwa nayo tena.

Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ikapata uhuru kutoka kwa Waingereza. Mwezi mmoja tu ukapita. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, watu wenye mapanga na marungu waliivamia ngome ya polisi ya Ziwani, wakateka silaha. Kulipopambazuka risasi zilikuwa zikilia mjini. Kabla siku haijaisha, Sultani Jamshid alikuwa baharini, anakimbia.

Bomi aliitumikia serikali ya Waingereza kwa miaka mingi. Sasa ana mke, binti wa miaka 11, mwana wa miaka 17, na mji unaowaka. Wabaki? Na wakiondoka, ni nchi gani itakayowapokea?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO