Aksanti, wafwako, twasakidila: neno la shukrani katika Kaniama

Tuanze na sahani. Katika nyumba nyingi za Kaniama leo, mtoto akimaliza bukari na sombe anasimama, ananawa, anaenda kucheza. Hakuna neno. Kambo yake akiwa pale anamwita: "We, unasimama bule tu? Sema aksanti!" Mtoto anarudi, anasema, anakimbia. Wakubwa wanacheka. Lakini kambo hachezi. Wakati wake sahani ilipokelewa kwa mikono miwili, magoti yakipinda kidogo, na aliyeshiba alipiga makofi polepole mbele ya kusema neno. Ilikuwa vile kila siku, si siku ya karamu tu.

Makofi yale yana historia ndefu kuliko jiko. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyevuka Afrika toka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi kati ya 1873 na 1875, alikaa Kilemba, kwenye makao ya Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba. Aliandika namna mtu mdogo alivyomsalimu mkubwa: anajipaka udongo mikononi na kifuani, anapiga makofi. Mgeni anaweza kuona pale woga tu. Woga ulikuwako, tusijidanganye, mfalme yule alikuwa mkali sana. Lakini udongo mweupe, ile mpemba, kwa Waluba ni alama ya heri na ya usafi. Uliwekwa katika bakuli ya mboko, inayoshikwa na sanamu ya mwanamke, na aliyekuja kwa mkubwa aliuchukua mule. Mboko moja iliyo maarufu sana iko leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, nyuma ya kioo. Chombo cha kuheshimu watu kilisafiri hivyo, na hatuamini kama kuna aliyeambiwa wafwako kwa ajili yake.

Tuje sasa kwa neno lenyewe. Mluba wa kwetu anasema wafwako. Masikio yetu yanasikia mule ndani kufwa, yaani kufa, kama vile kumwambia mwenzako: umejimaliza kwa ajili yetu. Mluba wa Kasai anasema twasakidila, "tumeshukuru". Hata akiwa peke yake anasema kwa jina la wengi. Na aksanti ilitoka mbali zaidi: ni ya Kiarabu, ahsanta, "umetenda vema", ikapita pwani, ikafuata wachuuzi mpaka kwa Msiri, halafu ikaenea katika kambi za migodi ya Katanga. Watu wa pwani siku hizi wanasema asante. Sisi tumelinda ile k katikati, na tusione haya.

Maneno haya matatu yalikutana Kaniama sana sana kwa sababu ya reli. Mwaka 1928 njia ya BCK ilimalizika toka Bukama mpaka Port-Francqui, ambayo ni Ilebo ya leo, ikipita Kamina, Kaniama na Mwene-Ditu. Treni zilipeleka Wakasai wengi kwenye migodi na ofisi za Katanga. Ku gare mtu aliuza karanga kwa Kiluba, akalipwa kwa Kiluba cha Kasai, akashukuru kwa Kiswahili.

Hapa lazima tuseme pia lile ambalo katika vitabu vya mila watu wanalipita mbio. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi, hata waliozaliwa Katanga, walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine. Walilala kwenye gare majuma mengi, wakapandishwa treni kurudi Kasai, na njia ilikuwa hii yetu. Wengi walikufa njiani. Tunajua nyumba ambamo tangu pale neno twasakidila lilisemwa kwa sauti ya chini, na nyingine ambamo halikusemwa tena. Jirani alienda bila kushukuru, na bila kushukuriwa.

Siku hizi kuna mashauri mapya. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha majaribio yao: waliwaomba watu waandike mara kwa mara mambo waliyoyashukuru, na waliofanya vile walijisikia vizuri kuliko walioandika taabu zao. Tangu pale wengi wanafundishwa kushika daftari kila usiku. Si vibaya. Lakini daftari inasomwa na mwenyewe tu, na wafwako haisemwi bila mtu wa kuisikia.

Kwa hiyo katika chama chetu tulianza kwa mdomo. Kila mangaribi, mbele ya kusimama kwenye sahani, kila mmoja anataja jina moja na kazi moja ya siku ile. Mungu tunamshukuru katika sala. Hapa tunataka jina la mtu. Juma la kwanza lilikuwa bure kabisa. Wababa walitaja "bibi yangu" kila siku, wakiulizwa juu ya nini, wanaguna. Watoto ndio walijua: huyu alinionyesha hesabu, yule alinibebea bidon ya maji.

Mzee mmoja wetu, aliyefanya kazi ya reli zamani, alinyamaza siku nne. Siku ya tano akasema jina ambalo watoto wake hawakulijua. Ni Mkasai mmoja, jirani yake wa Likasi, aliyebeba mgongoni usiku mtoto mgonjwa wa mzee mpaka hospitali. Mtoto yule leo ni baba wa watoto watatu, alikuwa amekaa pale pale kwenye sahani. "Nilimuona akipanda treni," mzee akasema. "Nikabakia mulangoni, sikutoka."

Kijana akauliza: "Papa, na sasa iko wapi?"

"Mwene-Ditu, kama angali."

Treni inapita mara chache na haina saa. Juma lililofuata ilipita moja, na gunia la mahindi la mzee lilipanda mkononi mwa mtu anayejua mtaa ule, pamoja na neno moja la kusema akifika. Tulimuuliza mzee ni lipi. Alitujibu ni twasakidila, alikuwa amelijaribu njia yote mpaka ku gare. Mpaka tunapoandika haya, jibu halijarudi.