Mgeni, Mpangaji au Mtoto wa Nyumba? Historia ya Mwaka wa Masomo Ughaibuni katika Familia Mwenyeji

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya utaratibu wa kumpeleka mwanafunzi wa sekondari katika nchi ya kigeni kwa mwaka mmoja wa masomo, akiishi na familia ambayo hailipwi kwa kumpokea. Utaratibu huo unafuatwa tangu mizizi yake miongoni mwa madereva wa magari ya wagonjwa wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi programu za serikali ya Marekani zinazowachukua vijana wa Kenya na Tanzania. Tunadai kwamba historia hii imezoeleka kusomwa kama sura ya diplomasia, ilhali mhimili wake ni kaya, na kwamba dhana za Kiswahili za mgeni na mwenyeji zinatuonyesha mambo ambayo lugha ya diplomasia huyafunika.

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hufundishwa kama onyo kwa mgeni asiyejua kuaga. Inaweza pia kusomwa kwa upande wa pili. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wanaolima, na kwa hiyo miongoni mwa wanaokula. Siku mbili za mwanzo hutandikiwa kitanda kizuri na kuchinjiwa kuku, lakini hana sauti katika nyumba ile. Siku ya tatu hupoteza kuku na kupata nafasi.

Neno mwenyeji nalo linastahili kutazamwa. Asili yake, mwenye mji, ingali inasikika. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku neno hili lina maana mbili zinazokaa pamoja bila ugomvi: anayempokea mgeni, na mtu yeyote aliyekwisha kupazoea mahali. Mgeni aliyekaa miezi kadhaa na kuzijua njia za mtaa husema bila kiburi, “Sasa mimi ni mwenyeji hapa.” Lugha nyingi za Ulaya hutenganisha maana hizo kwa maneno mawili. Kwa hiyo tunapoiita kaya inayompokea mwanafunzi familia mwenyeji, tumekwisha kudokeza, pengine bila kukusudia, jambo ambalo mwaka wenyewe unatakiwa kulitimiza: yule kijana naye awe mwenyeji.

Kutoka gari la wagonjwa hadi chumba cha watoto

Mnamo 1915, A. Piatt Andrew, mwanauchumi aliyewahi kufundisha Harvard na kushika wadhifa katika Wizara ya Fedha ya Marekani, aliunda nchini Ufaransa kikosi cha Wamarekani wa kujitolea walioendesha magari ya wagonjwa kwa ajili ya jeshi la Ufaransa. Nchi yao ilikuwa bado haijaingia vitani. Kikosi hicho, kilichojulikana baadaye kama American Field Service, kilikuwa na vijana wengi waliotoka vyuoni, na magari yao mengi yalikuwa Ford za aina ya Model T, mepesi kiasi cha kupanda njia za milimani zilizoyashinda magari mazito. Vita vilipokwisha, shirika liligeukia ufadhili wa masomo ya juu kati ya Ufaransa na Marekani. Vita vya Pili vilipozuka, madereva walirudi kazini chini ya Stephen Galatti, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa vijana wa 1915.

Uamuzi unaotuhusu ulifanyika baada ya vita hivyo. Galatti na wenzake wangeweza kurudia mfumo wa zamani wa kuwafadhili watu wazima katika vyuo vikuu. Badala yake walichagua wanafunzi wa sekondari. Mwaka 1947 waliwasili Marekani wanafunzi 52 kutoka nchi 10, wakiwamo wa nchi ambazo madereva hao walikuwa wamebeba majeruhi wake. Kuanzia 1950 vijana wa Kimarekani nao walianza kupelekwa Ulaya wakati wa kiangazi.

Uchaguzi huo haukuwa wa rika peke yake. Mwanachuo hukodi chumba au hulala bwenini, akala anapotaka na kulala anapotaka. Mtoto wa miaka kumi na sita hawezi kuachwa hivyo. Lazima awe na mtu wa kumuuliza amechelewa wapi. Kwa kushusha umri, waanzilishi walijikuta wanaihitaji nyumba, na pamoja nayo mama, baba, ndugu wa kugombania nao bafu, na meza ya chakula. Kwa maoni yetu hapa ndipo taasisi hii ilipozaliwa, wala si katika hotuba za amani zilizoizunguka baadaye.

Mfano mwingine unalikaza jambo hili. Mwaka 1951, miaka sita tu baada ya Ujerumani kushindwa, vijana 75 wa Kijerumani walipelekwa katika jimbo la Michigan kuishi na familia na kusoma katika shule za huko. Mpango huo ulioongozwa na Rachel Andresen wa Ann Arbor ndio uliokua na kuwa Youth For Understanding. Msomaji na azipige picha akilini meza hizo za chakula. Mkataba wa serikali unaweza kutangaza kwamba adui si adui tena; kumpa mtoto wa adui ufunguo wa mlango wa nyuma ni hatua nyingine kabisa, na hakuna wizara inayoweza kuichukua kwa niaba ya mwenye nyumba.

Ramani ya hofu

Serikali hazikuchelewa kuiona faida. Sheria ya Fulbright-Hays ya 1961 iliweka msingi mpana wa ubadilishanaji wa elimu na utamaduni nchini Marekani, na katika miaka hiyohiyo Rais Kennedy aliwapokea wanafunzi wa American Field Service katika bustani ya Ikulu. Mwaka 1983 mabunge ya Marekani na Ujerumani Magharibi yalianzisha programu yao ya pamoja, ikiwa miaka 300 tangu familia za kwanza za walowezi wa Kijerumani kufika Pennsylvania. Mwaka 1992, Muungano wa Kisovieti ukiwa umekwisha sambaratika, ilianzishwa programu ya FLEX kwa vijana wa nchi zilizotokana nao. Na mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, ikaanzishwa programu ya YES, inayobeba majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar, kwa ajili ya vijana kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu.

Ukiiweka miaka hii kando ya matukio ya dunia, utaona kwamba vitanda vya Michigan na Iowa vilifunguliwa kwa kufuata mkondo wa wasiwasi wa Washington: kwanza Mjerumani, kisha mtoto wa Urusi na jirani zake, kisha Mwislamu. Kusema hivyo si kuidharau nia ya familia zilizofungua milango. Ni kutambua tu kwamba orodha ya waalikwa iliandikwa mahali pengine.

Kenya na Tanzania ziliingia katika orodha ya YES kwa njia hiyo. Hapa pana kinaya kisichoweza kupitwa kimya. Afrika Mashariki ilikuwa na historia yake ya kupeleka vijana Marekani. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya iliwafikisha New York wanafunzi 81, na mwaka uliofuata taasisi ya familia ya Kennedy iliahidi dola 100,000 kuuendeleza mpango huo. Vijana wale walikwenda hasa vyuoni. Walitumwa na jamii zilizowachangia nauli na kuwaagiza warudi na shahada za kuijengea nchi inayokaribia uhuru. Swali la 1959 lilikuwa: nchi yetu inahitaji nini? Miaka zaidi ya arobaini baadaye, jina la Kennedy likiwa bado mlangoni, swali limekuwa la upande wa pili: Marekani inahitaji kueleweka na nani?

Aidha, mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa Waafrika Mashariki. Kijana wa Kwale au Tanga anayeulizwa darasani, katika mji mdogo wa Marekani, awaeleze wenzake kuhusu ugaidi, hutoka katika jamii iliyozika wafu wake miaka mitatu kabla ya New York kuzika wa kwake. Je, wenzake wanalijua hilo?

Balozi anayeosha vyombo

Waandaaji wa programu hizi hupenda kuwaita wanafunzi mabalozi wa nchi zao. Sitiari hii ina uzito wake, lakini inagongana na methali tuliyoanza nayo. Balozi hapewi jembe. Ana kinga, ana itifaki, na akikosea huomba radhi kwa barua. Mtoto wa nyumba hupanga vyombo katika mashine ya kuoshea, hukata majani, huondoa theluji mlangoni kwa koleo, na akichelewa kurudi hukemewa. Mwanafunzi huyu anadaiwa yote mawili kwa wakati mmoja: mchana aiwakilishe Tanzania mbele ya darasa, jioni atoe takataka nje. Walio wengi hugundua mapema kwamba lile la pili ndilo linalowafanya wapendwe.

Hapa ndipo lilipo suala la malipo, ambalo wanahistoria wa diplomasia huliruka. Nchini Marekani, familia inayompokea mwanafunzi wa sekondari mwenye viza ya J-1 hailipwi. Sheria ya kodi inairuhusu tu kukata, chini ya masharti maalumu, kiasi kisichozidi dola 50 kwa kila mwezi kamili ambao mwanafunzi yumo nyumbani. Kiasi ambacho hakitoshi hata maziwa na mkate wa kijana anayekua. Nchini Kanada, kwa kulinganisha, umeenea pia mfumo ambao wazazi wa mwanafunzi wa kigeni hulipa ada, na sehemu ya ada hiyo humfikia mwenye nyumba. Mfumo huo una heshima yake na uwazi wake, lakini unazalisha uhusiano mwingine. Kiswahili kina neno lake: mpangaji. Mpangaji akiosha vyombo amefanya hisani. Akikemewa ana haki ya kuhama.

Mwanafunzi asiyelipiwa si mpangaji, na baada ya juma la kwanza si mgeni. Hakubaki jina lingine ila mtoto, na utoto huo ndio unaompa ulinzi na ndio unaomweka hatarini.

Nyumba zisizofaa

Mwaka 2009, mjini Scranton katika jimbo la Pennsylvania, iligundulika kwamba wanafunzi kadhaa wa kigeni walikuwa wamewekwa katika nyumba chafu na zisizofaa, wengine wakikosa chakula cha kutosha. Kashfa hiyo ilifika mahakamani. Mwaka uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ilikaza kanuni zake: picha za nyumba ndani na nje, barua za watu wasio ndugu wa familia wanaoithibitisha tabia yake, na masharti zaidi ya ukaguzi. Kanuni zinadai pia kwamba mwakilishi wa shirika asiishi mbali zaidi ya maili 120 kutoka kwa mwanafunzi, na awasiliane naye kila mwezi.

Mtu aliyelelewa katika mtaa wa Mwambao au katika kijiji chochote chetu atatambua upungufu ambao kanuni hizi zinajaribu kuuziba. Mtoto anayepelekwa kwa mjomba mjini ili asome huwa na macho mengi juu yake: shangazi anayepita Ijumaa, jirani anayejua ukoo wake, msafiri anayebeba salamu na, pamoja nazo, habari. Mjomba akimnyima chakula, habari itafika. Si kwamba watoto wetu hawateswi katika nyumba za jamaa. Wanateswa, na jembe la siku ya tatu wakati mwingine hugeuka utumwa wa ndani. Lakini hata hapo kuna baraza la kuulizana. Mwanafunzi wa ughaibuni amevushwa bahari akaachwa bila shangazi, na mahali pa shangazi pakawekwa mwakilishi aliye umbali wa maili 120. Umbali huo unakaribia ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro.

Kurudi

Machi 2020, janga la korona lilipoenea, serikali ya Marekani ilisimamisha programu hizi na wanafunzi wakarudishwa makwao kabla ya muhula kwisha. Ghafla ile iliwanyima wengi sherehe ya kuhitimu na safari ya mwisho. Kwa wengi wa waliowatangulia na waliowafuata, kurudi kulikuwa kwa tarehe iliyojulikana tangu mwanzo, kwani viza ya mwanafunzi aliyegharimiwa na serikali ya Marekani humtaka arudi akae nchini kwake kwa miaka miwili kabla ya kuomba uhamiaji au baadhi ya viza za kazi.

Anarudi wapi? Mwaka aliousoma kule kwa kawaida hauhesabiki katika safari ya kuelekea mtihani wa taifa. Anavaa tena sare, anaketi na waliokuwa nyuma yake kwa darasa moja, huku wenzake wa zamani wakijiandaa kwa mtihani au wakiwa wamekwisha kuondoka. Nyumbani anapokelewa kwa pilau na vigelegele, anawekwa kwenye kiti cha sebuleni, na wadogo zake wanakatazwa kumsumbua. Siku mbili za mwanzo huwa hivyo. Siku ya tatu mama yake humwita jikoni.