BREONNA NA WENZAKE: FIDIA IMELIPWA, HAKI JE?

Wadau, watu weusi waliouawa na polisi Marekani wakitajwa, majina ya wanaume ndiyo yanayotangulia. Desemba 2014 taasisi ya African American Policy Forum ya mwanasheria Kimberlé Crenshaw ikaanzisha kampeni ya Say Her Name, yaani taja jina lake. Hawa ni baadhi yao, na kesi zao zilipoishia.

ELEANOR BUMPURS (66), New York, 1984. Polisi walikwenda kumtoa kwenye nyumba kwa deni la kodi lisilofika dola 500. Alikuwa ameshika kisu, akapigwa bunduki. Askari aliachiwa huru 1987.

REKIA BOYD (22), Chicago, 2012. Mpelelezi aliyekuwa nje ya zamu alifyatua risasi akiwa ndani ya gari lake. Akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Aprili 2015 jaji akasema kumlenga mtu na kufyatua ni kukusudia, kwa hiyo shtaka halisimami. Jamaa akaenda zake nyumbani! Familia ililipwa dola milioni 4.5.

SANDRA BLAND (28), Texas, 2015. Alisimamishwa kwa kuhama njia bila kuwasha indiketa. Siku 3 baadaye alikutwa amekufa selo. Ripoti rasmi ilisema alijinyonga. Askari alishtakiwa kwa kusema uongo tu, na shtaka likafutwa 2017.

BREONNA TAYLOR (26), Louisville, 2020. Polisi walivunja mlango usiku wa manane. Mpenzi wake akadhani wamevamiwa, akafyatua risasi moja. Polisi wakajibu kwa risasi nyingi, Breonna akafa. Familia ililipwa dola milioni 12, na jiji likapiga marufuku hati za kuingia bila hodi. Lakini askari ambao risasi zao zilimpata hawakushtakiwa. Aliyefungwa miezi 33, Julai 2025, ni mwenzao ambaye risasi zake hazikumpata mtu.

SONYA MASSEY (36), Illinois, 2024. Alipiga simu mwenyewe kuomba msaada, akauawa jikoni kwake. Safari hii kamera ya askari mwenzake ilirekodi, na mwenzake huyo akatoa ushahidi. Oktoba 2025 muuaji akapatikana na hatia ya mauaji.

Tukumbuke, fidia kwa kawaida hutoka serikalini, yaani kodi za wananchi, sio mfukoni mwa askari. Kwa hiyo ukisikia familia imelipwa, usiishie hapo. Uliza: aliyefyatua alishtakiwa kwa kosa gani?

Mwenye nyongeza aidondoshe hapo chini.