Punguza Vitu Nyumbani Chumba Kimoja Kimoja: Tunachojifunza Kasulu na Kibondo



Tukitaja kupunguza vitu nyumbani, wengi huona ni mambo ya kwenye simu, ya watu wenye majumba makubwa. Lakini huku Kasulu na Kibondo, milimani juu ya Kigoma, nyumba zimepunguzwa vitu mara nyingi, na mwenye nyumba hakuulizwa. Wewe bibi harusi unayekusanya vyombo sasa hivi, historia hii inakuhusu.

Wenyeji wa huku ni Waha. Zamani familia zilikaa mbalimbali vilimani, kila moja karibu na shamba lake, katika nyumba za msonge za miti na nyasi. Ndani mlikuwa na vyungu, vikapu, mikeka, majembe na nguo za magome ya miti. Chumvi ilitoka Uvinza. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya pamoja, ili kuwatenga na mbung'o wanaoleta malale. Huko kulikuwa kuhama kwa amri, na hakukuwa kwa mwisho.

Jikoni

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu walitolewa kwenye mashamba yao na kupelekwa vijiji vya ujamaa. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi kijijini. Fikiria mama wa nyumba siku ile. Chungu kikubwa cha maji hakibebeki pamoja na mtoto mgongoni. Kihenge cha nafaka hakiendi popote. Anachukua sufuria, jembe na mbegu.

Wewe hukimbizwi na mtu. Toa vyombo vyote, vitandaze kwenye mkeka, uvigawe: vya kila siku, vya wageni, na visivyo na kazi. Kikombe kilichopasuka na sufuria iliyotoboka viondoke. Utakuta na bakuli la jirani lililokuja na futari mwaka jana. Hilo ni amana, lirudishe leo, na likirudi na kitu ndani ni vizuri zaidi.

Chumbani

Nguo za dukani ziliingia Buha kwa jasho. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na baadaye wanaume wengi wa Kiha wakaenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko. Shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, lilianza 1944. Mtu alikata mkonge miezi mingi mbali na mke wake, na katika alivyorudi navyo, nguo ilikuwa na thamani kubwa. Ilivaliwa, ikatiwa viraka, mwishowe ikawa ya kubebea mtoto.

Leo Kigoma inasifika kwa vitenge, na kabati zetu zimejaa. Mimi ni fundi wa nguo, nakwambia kitambaa hakipendi kulala. Kikikaa sandukuni miaka kinashika ukungu, na panya hawaulizi bei. Kitenge ambacho mwaka umepita hujakipeleka kwa fundi, kishone au umpe mwenye haja. Gauni lisilokutosha, pima kwanza mshono wa ndani. Kama kuna nafasi ya kuachia, liachie. Kama haipo, limpate mdogo wako lingali zuri.

Sebuleni

Hapa nataka tuwe waangalifu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Kambi ya Mtabila, hapa hapa Kasulu, ilifungwa mwisho wa 2012 na maelfu ya Warundi wakarudishwa kwao. Mwaka 2015 vurugu zikaanza tena Burundi, na baadhi yao wakavuka mpaka mara ya pili. Wengi walifikia Kagunga, ufukweni mwa ziwa, na MV Liemba ikawasafirisha hadi Kigoma. Kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka huo huo. Mtu aliyekwisha kuwa na kitanda na meza akaanza upya na turubai, blanketi, dumu la maji na sufuria za msaada. Turubai moja likawa sebule, chumba na stoo.

Kwa hiyo tusiseme wenye vichache wamepumzika. Wale hawakupunguza vitu, vilichukuliwa na vita. Tofauti yao na wewe ni kuchagua. Kuchagua ni neema, na neema inaulizwa. Dini yetu imekataza israfu, na imetufundisha kutoa katika vile tunavyovipenda. Basi usimpelekee mtu zulia lililooza ukaita sadaka. Toa kiti kinachokalika na pazia linaloning'inia.

Kwa bibi harusi: usinunue seti tatu za vyombo kwa sababu ya macho ya watu. Nunua utakavyotumia, na kila kitu ukijue mahali pake kabla hakijaingia mlangoni. Ukishakaa, chukua chumba kimoja kwa wiki moja. Anza na jiko, maana ndiko unakosimama kila siku, na usifungue kabati la chumbani mpaka jikoni pamekwisha.