Kisima cha Ruma na Chemichemi za Busia

Kisa cha kisima cha Ruma tumekisoma sote madrasa. Mwenyewe alikuwa akiwauzia watu wa Madina maji, Sayyidna Uthman (r.a.) akakinunua kwa mali yake na kukifanya wakfu, kila mtu achote bure.

Sasa rudi huku kwetu Sigalame. Kwa desturi ya Busia, chemichemi ikiwa shambani mwako humnyimi jirani maji. Desturi nzuri, wallahi! Lakini kinachochotwa na wote, nani atakitengeneza? Ng'ombe wanakanyaga, mvua inasomba kinyesi, na hakuna anayetoa hata mfuko wa simiti.

Kuanzia 2005 shirika la International Child Support lilianza kuzijengea chemichemi za Busia na Butere-Mumias, jicho linafunikwa kwa simiti na maji yanatokea kwenye bomba. Michael Kremer (yule wa Tuzo ya Nobel ya 2019), Edward Miguel na wenzao wakafuatilia chemichemi karibu 200. Matokeo yao yalichapishwa 2011: uchafu wa kinyesi pale chemichemini ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kama robo. Ila maji yakifika nyumbani faida ile ilipungua sana, maana yalichafuka tena mtungini. Ndiyo sababu baadaye klorini ikawekwa pale pale penye kuchotea.

Lakini simiti haiongezi maji, na mikalatusi tunayopanda kando ya chemichemi inayanywa. Mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Hebu tembea ukajionee mingapi ingali imesimama.

Na hali ya hewa nayo imegeuka. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika, ndugu zetu wa Bunyala wakahama makwao. Utafiti wa 2024 ulikadiria kuwa ongezeko la joto duniani liliufanya uwezekano wa ziwa kupanda vile kuwa mara 1.8. Maji yakifurika, vyoo vinaingia visimani. Basi hata mwaka wa mafuriko, maji safi ni ya shida.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani chupa ya soda ya nusu lita na ziada kidogo. Mwezi huu, kabla ya magharibi, weka ndoo chini ya bomba unapotawadha, kisha upime.